Mahali pa Kuvaa Bastola Porini

Bega langu la kulia liliharibikia kazini. Ninawatunza wazee katika nyumba ya wagonjwa huko Maplewood, na kazi hiyo, ukiondoa maneno mazuri inayopambwa nayo, ni kuinua, kugeuza, kusogeza, kisha kuinua tena. Mtu mzito akianza kuteleza kutoka kitandani, hupati nafasi ya kukumbuka ulivyofundishwa kusimama. Unamdaka. Daktari alizitazama picha, akasema kano zimechanika, akaniuliza kama ninawinda. Huku Minnesota madaktari huuliza hivyo majani yanapoanza kupukutika. Nilipokubali, alitikisa kichwa: bunduki ya kuegemeza begani basi tena, na hata mkanda wake nisiuning'inize upande huo.

Kuwinda nilijifundisha ukubwani. Kenya nilikotoka raia hawindi. Akiwinda anaitwa jangili na anafungwa. Hapa niliona wenzangu kazini wakiomba likizo ya kuwinda kama watu wanaoomba likizo ya harusi, nikataka kujua kuna nini huko. Niliazima vitabu maktaba, nikasoma sheria za jimbo mwanzo hadi mwisho, nikaenda kwenye mafunzo ya usalama na kukaa darasani na watoto walionizidi kwa kila kitu isipokuwa umri. Ndivyo nilivyojifunza karibu kila ninachokijua: polepole, peke yangu, nikirudia.

Mwenzangu wa porini ni jirani yangu wa jengo moja hapa Eagan, mtu wa mashariki ya Kongo aliyeletwa na familia yake baada ya miaka mingi kambini. Anafanya kazi katika ghala moja la Shakopee, zamu ya usiku, akipakia maboksi. Yeye hapigi risasi. Anakuja kwa sababu mbili: nyama, ambayo tunagawana sawa, na kukaa. Ananisaidia kumburuta kulungu hadi kwenye gari (kulungu tunawaita hivyo kwa kukosa jina jingine), na saa zote zilizobaki tunakaa bila kusema neno. Nikimwambia asante, hunijibu, "Muzee, wewe uko na leseni, mimi niko na mgongo." Jina langu kwake ni Jangili, tangu nilipomweleza sheria za kwetu.

Basi baada ya daktari nilinunua bastola, ile kubwa ya silinda, ambayo sheria za huku zinairuhusu kuwindia. Inashikwa kwa mikono miwili mbele ya kifua na haimgusi mtu begani. Kulenga nilijifunza kwenye kiwanja cha shabaha mwaka huo huo. Lililobaki lilikuwa namna ya kuibeba. Chuma hicho ni kizito kama pasi ya umeme, na kukibeba kutwa nzima kunataka mfuko unaokaa vizuri mwilini. Nilidhani hilo ndilo jambo jepesi kuliko yote.

Nilisoma kila nilichokipata. Wote walioandika walizungumzia viuno vyao. Mmoja anasifu ngozi, mwingine anaichukia kwa kuwa inanyonya maji ya theluji. Mmoja anasema nyonga ya kulia, mwingine mbele ya tumbo, mwingine chini ya kwapa. Nililiondoa la kwapani mapema, kwa sababu mkanda wake ungepita juu ya bega lile lile bovu. Nikachagua mfuko wa ngozi wa kuvaa nyongani. Niliuvaa nyumbani na bastola tupu ndani yake, nikatembea sebuleni, nikapanda na kushuka ngazi, nikainama kufunga viatu. Mke wangu alipita akielekea kazini na sare yake ya uuguzi, akanitazama mara moja.

"Umeajiriwa benki kulinda mlango?"

"Ninapima."

"Haya, mlinzi. Takataka ziko pale, uzipime pia."

Sebuleni mfuko ulikuwa sawa kabisa. Ila nilikuwa nimevaa fulana, na ndani ya nyumba kulikuwa na joto. Kwa hiyo Jumamosi moja kabla ya msimu kufunguliwa, tulikwenda kaskazini, kwenye pori la umma tunalolitumia kila mwaka, kutafuta njia za wanyama na kuujaribu mfuko juu ya nguo zote za baridi. Njiani bastola ilikuwa ndani ya sanduku lake kwenye buti, kama sheria inavyotaka. Mwenzangu alikuwa ametoka zamu asubuhi hiyo hiyo. Alisinzia tangu Eagan, kichwa kwenye kioo, akaamka nilipozima gari.

Nilivaa nyuma ya gari. Suruali nzito, koti, mkanda juu ya koti, mfuko nyongani, bastola tupu ndani ya mfuko, kisha kizibao cha rangi ya chungwa tunachovaa wote ili wawindaji wengine watuone. Yeye alikuwa amesimama upande wa mbele akimimina chai kutoka kwenye chupa. Nilipojitokeza aligeuka kunipa kikombe, mkono wake ukasimama hewani. Akakiweka kikombe juu ya boneti taratibu, akarudi ndani ya gari, akafunga mlango.

Niligonga kioo. Akakishusha kidogo.

"Kichwa kinauma," alisema. "Wewe enda."

Nilimwamini. Mtu aliyepakia maboksi usiku mzima ana haki ya kuumwa kichwa. Nilikwenda peke yangu, na nililoligundua lilinishughulisha kiasi cha kumsahau. Kutembea kulikuwa sawa, lakini kuwinda kwa huku si kutembea, ni kukaa. Nilipokaa kwenye kigoda cha turubai, mtutu uligonga kiti na kuisukuma bastola juu, mpini ukaniingia mbavuni. Pindo la koti lilifunika mfuko, na kila nilipojaribu kuichomoa bastola, kizibao kilinasa. Baada ya muda nyonga iliwaka moto. Nilirudi nikiwa nimechoka na nikiwa na makosa manne ya kusahihisha.

Mwenzangu alirudi Eagan kichwa kwenye kioo, macho wazi. Nilipoegesha gari chini ya jengo letu, hakushuka.

"Ndugu," alisema, akitazama mbele. "Mimi sitakuja tena mu pori."

"Nimekukosea?"

"Hapana. Ile kintu ya ku kiuno."

"Lakini umekuja na mimi miaka yote, nikiwa na bunduki."

"Bunduki murefu ni ya nyama. Baba yangu alikuwa nayo. Ile ya ku kiuno..." Aliuchezea mkanda wa gari. "Kule kwetu, pale walipofunga barabara, wengi walikuwa na bunduki. Lakini mwenye bastola ku kiuno alikuwa mmoja. Yeye ndiye alisema nani apite na nani ashuke mu gari. Bon, basi, umetoka nyuma ya gari, nimeona kiuno kwanza. Sura yako sikuiona."

Alinishukuru kwa safari, kama kawaida yake, akapanda ngazi akiushika ukuta.

Nilibaki garini. Bila yeye nisingeweza kumtoa kulungu porini, kwa bega langu hilo. Lakini hata ningekuwa na mabega mawili mazima, sikumjua mtu mwingine katika mji huu ambaye ningeweza kukaa naye kutwa bila kuulizwa kitu. Kazini ninaulizwa siku nzima. Kanisani ninaulizwa habari za nyumbani, za watoto, za kiwanja. Yeye naye aliwahi kuniambia kwamba porini ndipo mahali pekee Amerika ambapo masikio yake yanapumzika kutokana na kelele za mikanda inayosafirisha maboksi ghalani. Msimu ulikuwa unakaribia, na mimi nilikuwa nimepima kila kitu isipokuwa macho ya mtu atakayetembea nami.

Nilianza upya. Niliurudisha mfuko wa ngozi dukani. Muuzaji aliniuliza kama ulinibana; nilisema ndiyo, kwa kuwa ulinibana kweli. Nikachukua ule wa kifuani: kipande cha ngozi kinacholala mshazari juu ya kifua, chenye mikanda inayozunguka mgongoni na mmoja unaopita begani. Unaweza kuugeuza mkanda huo ukapita bega la kushoto, lililo zima. Ukikaa, hakuna kinachogusa kiti. Kizibao kikiachwa wazi mbele, mkono unafika bila kunasa. Kwa mwili wangu lilikuwa jibu. Lakini safari hii sikutaka kujijibu peke yangu.

Jumapili baada ya ibada nilibisha kwake. Bastola niliiacha kwangu imefungiwa. Nilibeba mfuko mtupu ndani ya mfuko wa plastiki. Mkewe alifungua, mama mwenye sauti kubwa anayeniita shemeji.

"Shemeji, umetuletea samaki?"

"Nimeleta ngozi."

"Ngozi hatukuli leo. Ingia."

Nilimweleza mwenzangu nilichokuja kufanya: nitauvaa mfuko mbele yake, aniambie anaona nini, na akisema hapana, bastola nitaiuza na msimu huu sitakwenda. Macho yake yalikuwa mekundu; alikuwa anaingia kazini jioni hiyo.

"Vaa," alisema.

Nilivaa koti, kisha mfuko juu yake. Mahali pa bastola mwenzangu alichomeka mwiko wa ugali, akacheka kidogo, akaacha kucheka. Nikasimama mbele yake.

"Ninaiona," alisema.

"Nikitangulia wewe ukafuata nyuma?"

"Geuka."

Niligeuka, nikaelekea jikoni na kurudi. Mkewe alikuwa ameegemea friji.

"Na wewe ukitangulia, mimi nikafuata?" niliuliza. Nilikuwa nakamilisha jaribio, kama kawaida yangu.

"Hapana." Jibu lilitoka upesi. "Hivyo ndivyo walitutembeza."

Mkewe aliiacha friji. Kisha akaja nyuma yangu, akashika mikanda pale ilipokutana mgongoni.

"Lakini shemeji, nani alikufunga hivi? Mtoto hafungwi hivi! Uzito wote umeweka ku shingo. Saa moja tu utakuwa unalia." Alishusha fundo chini ya mabega, akavuta upande mmoja, akanisukuma mgongo nikae wima, akavuta wa pili, kwa mikono ya mtu aliyebeba watoto kwa kitenge akivuka milima. Mzigo ukahama kutoka shingoni, ukaenea mbavuni. Vitabu vyote nilivyosoma havikunipa hilo. "Sasa tembea."

Nilitembea tena hadi jikoni.

"Baba, unaona nini?" mkewe alimwuliza.

Mwenzangu aliinamisha kichwa upande. "Naona mama amebeba mtoto mbele."

"Mtoto mbaya huyo," mkewe alisema. "Ana kichwa cha mwiko."

"Na kizibao kitafunika mikanda," nilisema. "Kwa nyuma utaona rangi ya chungwa tu. Nitaivaa kabla hujashuka garini, na sitageuka kukuelekea nikiwa nimeishika."

"Na ukisikia kintu nyuma yako?"

"Nitajua ni wewe."

"Bon. Nitakuja siku moja. Nikishindwa, nitakaa mu gari na chai yangu."

"Garini nitaacha funguo."

Siku ya kufungua msimu tulifika kabla ya mapambazuko. Alibaki ndani, uso ameuelekeza upande wa barabara, mpaka nilipogonga buti kumwambia nimemaliza. Nilitangulia bila kugeuka. Nilisikia mlango ukifunguka, kisha kimya kirefu, na nikaanza kuamini kwamba mlango utafungwa tena naye akiwa ndani. Halafu nikasikia theluji ikikanyagwa nyuma yangu, si karibu sana.

Tulikaa kwenye ukingo wa kinamasi, mimi kwenye kigoda nikitazama mbele, yeye nyuma yangu, mgongo kwenye mti. Kulipambazuka kijivu. Kwa muda nilisikia kila alichofanya: anakunja miguu, anavuta kamasi, anafungua chupa ya chai na kuifunga bila kunywa. Nilikuwa namsikiliza yeye kuliko nilivyosikiliza pori. Nyonga haikuuma, shingo haikuuma, na bega liliuma kwa kadiri yake tu ya kila siku.

Kisha nikasikia sauti niliyodhani ni ya mnyama anayepumua. Mkono wangu ukaenda kifuani. Sauti ikaja tena, nene zaidi, ikakatika, ikaanza upya. Mwenzangu alikuwa anakoroma.

Alikoroma kama jenereta ya sherehe. Kulungu yeyote katika kinamasi kile aliipata habari yetu yote. Ndege mmoja aliruka. Ningeweza kumwamsha, hakuna ambaye angenilaumu, naye angekuwa wa kwanza kuomba radhi. Nilifikiria friza yangu na friza yake. Nikauondoa mkono kifuani, nikauweka kwenye goti, nikaendelea kutazama majani makavu ya kinamasi, ambamo sasa kwa hakika hapakuwa na kitu.

Jua lilikuwa limepanda alipoamka.

"Jangili," alisema, sauti nzito, "nyama iko wapi?"

"Imesikia unakoroma, imehamia Kanada."

"Vraiment? Kweli?" Alicheka, akakohoa, akanyoosha miguu. "Kwa nini hukuniamsha?"

Alinipa kikombe cha chai kwa kukipitisha upande wa bega langu la kushoto, nami nikakipokea bila kugeuka.