Makuti Niliyoyashona Kiangazi

Bavyaa wangu, baba wa mume wangu, simsemi vizuri hata leo, na mtu asiniambie kwamba maiti hasemwi. Nyumba niliyoolewa, kule Ushongo, ilikuwa na paa la kuonea nyota. Miaka ya hamsini hiyo, bati lilikuwa la wenye nafasi zao. Sisi tuliezeka makuti, na makuti hayana siri: yakioza unayatoa, unaweka mapya, na kazi yenyewe ni ya kiangazi, kabla masika hayajapiga hodi. Mtoto mdogo anajua. Bavyaa naye alijua, ndiyo maana simsamehe.

Kila nikimkumbusha aliniangalia kama nimemtukana. "Wewe mwanamke, mvua umeiagiza wewe? Paa la watu halijavuja, ushalitabiria. Ikinyesha tutajua."

Mavyaa, mkewe, alikuwa na kifua kibovu. Kikohozi kikimshika hushika ukuta. Naye ndiye wa kwanza kuitikia: "Baba keshasema." Maneno mawili hayo yalinikera kuliko ya mumewe yote.

Mume wangu alikuwa kibarua mashamba ya mkonge upande wa Muheza, haji ila mara moja moja. Basi nikafanya mwenyewe. Kiangazi kizima nilikusanya makuti, nikayaloweka, nikayashona kwenye fito mpaka vidole vikachubuka, nikayapanga nyuma ya jiko. Yalitosha paa zima. Kilichobaki ni mafundi kupanda juu, nao walishakubali.

Siku chache kabla hawajaja, bavyaa akafa.

Wanaume waliokuja kuzika hawakuniuliza. Waliyachukua makuti yangu wakajengea banda la matanga, wakakaa kivulini wanakunywa kahawa na kumsifu marehemu, eti mtu asiyejipa shida na dunia. Mimi niko jikoni nawapikia, naomba liwaangukie. Matanga yalipoanuliwa, mume wangu akarudi mkongeni, na shemeji yangu mkubwa akabomoa banda, akayapakia makuti kwenye mkokoteni, akayapeleka kwake Mwera.

"Mali ya baba hii, shemeji," aliniambia. "Tutakuletea mengine."

"Lini?"

"Mama akitoka eda."

Hapo nilishikwa pabaya. Mjane aliye edani hukaa ndani, haonwi na wanaume wa kando, na eda hukaliwa nyumba ya mumewe, hahamishwi. Fundi gani atafunua paa amchungulie mjane kitandani? Wote waliniambia hawathubutu. Nikamwambia shemeji, wewe ni mwanawe, si mtu wa kando, panda wewe. Akajibu yeye si fundi makuti. Kuyabeba aliweza.

Masika yakaja yasimngoje mtu. Kila chumba kilivuja, cha mavyaa zaidi. Tulisogeza kitanda huku, tukakisogeza kule, maji yakakifuata. Mama wa watu akawa anakohoa mchana kutwa, godoro la sufi limelowa chapachapa, na mimi nilimwona anakwisha mbele ya macho yangu.

Asubuhi moja mvua ilipopumua nilimwita jirani yangu, mwanamke wa Kidigo asiyeogopa mtu. Tukaezua jiko langu tupate makuti, tukajifunga kanga viunoni, tukapanda juu ya chumba cha mavyaa. Tumo katika kutoa makuti yaliyooza, shemeji akatokea.

"Wanawake juu ya paa! Shukeni! Mnatutia aibu!"

"Aibu haikohoi, shemeji," nikamwambia. "Anayekohoa ni mama yako."

Nikamtupia konzi ya makuti mabovu. Yalimpata begani, na nilifurahi. Akaenda zake anatukana.

Kupitia tundu nilimwona mavyaa chini. Amekaa kitandani, mkeka kichwani, nguo zake za eda zimemgandia mwilini. Siku ya maziko wanawake walimtaka amwie radhi mumewe, kama mila ilivyo, naye akasema amemsamehe, duniani na akhera. Alikuwa hajasema neno baya juu yake tangu nimjue. Sasa aliinua uso akanitazama.

"Mwanangu," akasema, "ile radhi niliyompa baba yenu, hairudishwi?"

Nikaweka kuti kando, nikainamia tundu. "Sijui, mama. Mpaka tumuulize mwalimu wa chuo cha Kurani."

Kikohozi kikamshika mpaka akainama. Kilipomwachia, akajifuta mdomo kwa upindo wa nguo.

"Kamuulize," akasema. "Mapema, usingoje."