Haki za Kaka wa Ubelgiji

Juzi nilikuwa Mayfair, mtaa mmoja wa huku kusini mwa Afrika, kwenye duka la ushonaji la Mkongo mmoja, nikingoja suruali. Mwenye duka akampigia simu kaka yake aliyeko Ubelgiji. Haikupokewa. Ukaja ujumbe, akausoma kwa sauti: "Niko mapumzikoni. Ni haki yangu."

Akapiga paja kwa furaha. "Ulaya nchi zote zimekubaliana, mfanyakazi lazima apumzike!"

Fundi wake akavua utepe wa kupimia shingoni, akainuka. "Basi patron, na mimi nikale."

"Eish! Wewe si mfanyakazi, wewe ni ndugu. Shona!"

"Na yule wa Ubelgiji?"

"Yule ana sheria."

Nilitaka sana kumtetea fundi. Lakini harusi niliyoalikwa ilikuwa saa nane mchana huo, na suruali yangu bado ilikuwa na mguu mmoja.