Vitabu vya Katoni

Vitabu vya Mwalimu nilivitupa mimi, kwa mikono yangu miwili. Nisimsingizie mtu.

Mwalimu alikuwa jirani yetu hapa Shively, Marekani, mzee wa Kivu ya Kusini aliyefungasha mizigo kwenye ghala kule Jeffersontown kama sisi wengine. Zamu ikiisha aliondoka na katoni zilizochanika, akazikata ziwe kurasa, akachora na kuandika hadithi za watoto kwa Kiswahili, kisha akazishona kwa kamba za viatu. Jumapili baada ya ibada watoto walimzonga, hata wale wanaotujibu sisi wazazi kwa Kiingereza tu. Binti yangu ndiye aliyekuwa wa kwanza kukaa.

Mwalimu alipofariki, wanawake tulifanya kama kwetu: tulitoa vitu vyote sebuleni ili waliokuja kilioni wapate pa kukaa. Kwenye kona kulikuwa na maboksi matatu. Juu niliona vipande vya katoni vitupu, nikadhani ni hivyo hadi chini. Mtu anayekunja katoni kila siku haulizi mara mbili. Niliyapeleka kwenye pipa la nyuma, na asubuhi lori la taka likapita.

Siku ya tatu mjane aliniuliza, "Mama, ile makartoni ya mzee muliweka wapi?"

"Nilitupa, mama. Ni mimi."

"Donc, na vitabu?"

Nilitamani ardhi inimeze. Yeye alinigeuzia mgongo akaingia jikoni, na afadhali angenizaba kofi.

Nyumbani nilimweleza binti yangu. Alinigombeza kwa Kiingereza, nikakubali. Lakini alipofika kwenye hadithi ya Mwalimu ya mbuzi aliyekataa kupanda ndege aligeukia Kiswahili, kwa sababu hadithi ile aliijua kwa Kiswahili tu. Aliisema yote, hadi mwisho. Nilimshika mkono tukaenda kwa mjane.

Mjane alimsikiliza, kisha akapigia simu familia za kwetu zilizokuwa zimehamia miji ya Columbus na Buffalo. Watoto walibishana kwenye simu. Wa Columbus alisema mbuzi alilia, wa Buffalo akasema hapana, aliomba chumvi. Binti yangu aliandika. Hadithi kwa hadithi, maneno yalirudi karibu yote. Picha hazikurudi, na hilo linaniuma hadi leo.

Siku ya kumaliza matanga, vitu vya marehemu viligawanywa. Koti lilikwenda kwa mpwa wake, Biblia kwa kaka yake. Kisha mjane akaniita mbele ya watu wote. Nikajua aibu yangu imefika. Akanipa mkebe wa penseli za rangi, zingine zina alama za meno ya Mwalimu.

"Chukua. Wewe utakuwa unaleta makartoni. Mutoto atachora."

Mbuzi wa kwanza wa binti yangu alitoka na miguu mitano. Nilitaka kuuficha ukurasa ule, lakini mjane aliniwahi. Aliutazama, akacheka mpaka machozi yakamtoka.

"Bon, mbuzi ya mzee ilianza na sita," akasema, akachomoa kamba ya kiatu chake, akaanza kushona.