Mgonjwa wa Kitanda cha Pembeni

Siku yangu ya kwanza kazini, mganga mfawidhi wa zahanati alinitazama viatu kabla ya kunitazama usoni. Ilikuwa zahanati ya kijiji, mbele kidogo ya Dutwa, na mimi nilikuwa nimetoka chuoni na viatu vipya vyenye kisigino.

"Sista Minza, hivyo ni vya kanisani," akaniambia. "Hapa utasimama mpaka usiisikie miguu."

Siku hiyo nilizalisha, nikashona kidonda cha mchungaji aliyepigwa pembe na ng'ombe, nikachanja watoto waliokuja migongoni mwa mama zao. Jioni nikakuta miguu imevimba. Nilicheka tu, maana nilikuwa kijana.

Ninyi mnaoanza uuguzi leo mnafundishwa dawa na vipimo, na ni vizuri. Mimi nataka kuwasimulia habari za mwili wa muuguzi mwenyewe, kwa sababu kuna jambo nililiona ambalo mpaka leo sijui lilikuwa nini.

Baada ya miaka kadhaa nilihamishiwa kituo cha afya. Kituo ni kikubwa kuliko zahanati: kina wodi za kulaza, chumba cha kujifungulia na gari la wagonjwa. Wauguzi tulikuwa wachache. Mwenzako akiugua au akienda msibani, unaunganisha zamu yake na yako. Muuguzi mfawidhi, ambaye ndiye mkubwa wa wauguzi wote pale, alikuwa mama mrefu mwenye sauti ya chini. "Kazi yenu ni kuuguza, si kuugua," alikuwa akituambia. Hakuwa mtu mbaya. Yeye mwenyewe alitembea ameshika kiuno.

Aliyeunganisha zamu kuliko sote ni Mbuke, mwenyeji wa Nassa, mwembamba na mcheshi. Wagonjwa wa vijijini walimpenda kwa sababu aliwasalimia kwa Kisukuma, kitanda kwa kitanda. "Mwangaluka, mayu," alikuwa akisema, yaani umeamkaje, mama, na hata aliyezidiwa alijitahidi kuitikia.

Mwaka huo mvua zilileta malaria nyingi. Zilipokatika, wodi ilipungua watu, lakini Mbuke hakupumzika. Asubuhi moja nilimsikia akisalimia kitanda cha pembeni, karibu na dirisha. Kilikuwa kitupu, hata shuka hakikuwa nalo. Alisalimia, akanyamaza kama anayesikiliza, kisha akatikisa kichwa kwa huruma na kupita. Nilidhani ni mazoea ya mdomo. Kesho yake akafanya vilevile, na safari hii akavuta kiti akakaa.

Bibi mmoja aliyekuwa akimuuguza mjukuu wake aliniita kando.

"Sista, yule mgonjwa wenu hana ndugu? Sijaona anayemletea uji."

"Mgonjwa yupi, bibi?"

"Anayeongea na mwenzako."

"Wewe umemwona?"

"Simwoni. Namsikia mwenzako akimjibu. Kama ni masamva, wazee wake waliokufa, basi wamwache mtoto wa watu apumzike."

Mchana huohuo niliingia wodini nikitoka kuchemsha vifaa. Jua lilikuwa kali, bati linalia juu, na wagonjwa wote walikuwa wakitazama upande mmoja. Mbuke alikuwa ameinama kwenye kitanda cha pembeni. Kile kitambaa cha mashine ya presha, kinachofungwa kwenye mkono wa mgonjwa, kilikuwa kimelala juu ya godoro, kimefungwa kikawa duara, na ndani yake hamna kitu. Alikuwa akisukuma upepo, mirija ya kusikilizia iko masikioni, macho kwenye mshale wa kipimo.

"Haishuki, Minza," akasema bila kugeuka. "Nimempima tangu asubuhi. Huyu mama atatufia."

Nilitaka kumshika nimtoe pale. Kisha nikauona uso wake. Jicho moja lilikuwa jekundu, na mdomo ulivutwa kidogo upande, kwa namna ambayo sisi wauguzi tunaijua. Nikaogopa kumshtua.

"Hebu nimpime mimi," nikamwambia. "Halafu nikupime wewe."

"Mimi sina tatizo. Mpime yeye."

"Nampima. Lakini ukae hapa."

Akakaa. Nikavaa mirija, nikasukuma upepo kwenye kile kitambaa kitupu, nikaufungulia polepole kama tulivyofundishwa. Nilifanya hivyo ili aniamini tu. Nikasikia mapigo. Yalikuwa mazito, ya haraka, tena yaliendelea mshale ukiwa chini kabisa. Nimejiambia mara nyingi kwamba ilikuwa damu yangu mwenyewe ikigonga masikioni kwa hofu. Huenda ndivyo.

Nikakifunga kitambaa mkononi mwa Mbuke. Presha yake ilikuwa mahali ambapo sikuwahi kuiona kwa mtu aliyekaa akizungumza. Nikamlaza palepale, maana ndicho kitanda kilichokuwa karibu. Hakubisha. "Ameniambia ananipisha," akasema, akafumba macho.

Muuguzi mfawidhi alikuja akikimbia na kiuno chake hichohicho, akapanda naye kwenye gari la wagonjwa hadi Bariadi mjini. Daktari alituambia kwamba kiharusi kilikwisha kuanza, na kwamba tungechelewa tungemzika. Kumbe Mbuke alikuwa ameumwa kichwa tangu mvua zianze, akimeza vidonge na kurudi wodini. Alipona, ila mkono wa kushoto haukurudi sawasawa. Akahamishiwa kliniki ya watoto, mpaka alipoomba kustaafu mapema.

Nilipofanywa muuguzi mfawidhi upande wa Nyashimo, niliweka utaratibu mmoja: wakati wa kukabidhiana zamu, anayeingia ampime presha anayetoka, na amuulize analala vipi. Mganga mkuu wa wilaya alitukuta siku moja tumekunja mikono ya sare.

"Sista, mnapimana ninyi na wagonjwa wapo nje?"

"Ndiyo, mganga. Wakisubiri kidogo watahudumiwa na muuguzi aliye mzima."

Hakutukataza. Tuligundua wenye presha na wenye sukari, na dada mmoja aliyekuwa hapati usingizi tangu mama aliyekuwa akijifungua alipofia mikononi mwake. Walitibiwa, wakabaki kazini.

Sasa nimestaafu. Mgongo unanisumbua na magoti hayapendi baridi. Sijutii kazi, ila natamani ningefundishwa mapema kwamba na mimi nina mwili.

Juzijuzi nilikwenda Nassa kumwona Mbuke. Tulikaa uani tukichambua mchele, yeye kwa mkono mmoja. Nikamuuliza jambo ambalo sikuwahi kumuuliza: yule mama alifananaje.

Alichambua kwanza.

"Alikuwa amevaa sare kama yetu, imepauka," akasema. "Nilimuuliza amelazwa lini. Akaniambia hajalazwa, yuko zamu."