Sikio la Bibi Sannamma

Kila asubuhi, kabla hajashika ufagio, Bibi Sannamma huzunguka ukumbi wa hekalu la Somanakere akigonga nguzo kwa kifundo cha kidole na kutega sikio. Nguzo ikiitika vizuri huiambia, "Haya, mzee, umeamka," kisha huenda kwa inayofuata. Nguzo ni ishirini na nane, nyeusi, zinang'aa, na zina mapete mapete kama chungu kilichotoka sasa hivi kwenye gurudumu la mfinyanzi.

Jiwe la huko, likichimbwa, ni laini kiasi cha kukwaruzika kwa ukucha. Likipigwa na upepo miaka kadhaa, hukaza. Ndiyo maana mafundi wa miaka mia nane iliyopita waliweza kulikereza kama mti, na kumchongea kila tembo wa ukutani kengele yake shingoni. Vasudha alikuwa ameyasoma hayo yote vitabuni. Ofisi ya mambo ya kale ilimtuma kukagua hekalu, na kwa miezi miwili alikuwa hajamwuliza Sannamma swali hata moja, ingawa daftari lake lilijaa maswali. Aliona haya.

Jumatatu hiyo zilibaki siku tatu Chandrika, mjukuu wa Sannamma, aolewe. Ndoa ingefungwa ukumbini humo, alipoolewa Sannamma mwenyewe, na mama yake kabla yake. Msichana aliahidiwa hivyo tangu utotoni, na maua yalishaagizwa.

Sannamma akagonga nguzo ya saba. Akagonga tena. Akasimama kwa muda mkono ukiwa juu ya jiwe, kisha akaita:

"Mwanangu, njoo usikie. Huyu ana mafua."

Vasudha aliipima nguzo hiyo mwezi uliopita kwa mashine yake ya mawimbi ya sauti na kuandika kwamba ni nzima. "Lakini bibi, mashine ilisema..."

"Mashine yako uliiweka wapi?"

"Hapa, katikati."

"Iweke juu, shingoni. Mafua ya kooni utayatafutaje tumboni?"

Vasudha akapanda ngazi na mashine yake. Alipoona namba, alishuka polepole sana. Ufa ulikuwa ndani, chini kidogo ya boriti ya jiwe. Kufikia adhuhuri magogo ya kuegemeza yalikuwa yameletwa, na ukumbi umefungwa.

Jioni akaja Javaregowda, mjomba wa bwana harusi, akihema.

"Mkwe, eti harusi nje! Sisi mbuzi?"

"Mbuzi hali sahani tatu za wali, mkwe. Wewe nakujua."

"Mbili!"

"Ya tatu ulisema unamshikia mkeo."

Chandrika alilia, lakini si sana. Alipomaliza kupenga kamasi akauliza, "Bibi, huko nje hariri yangu itaonekana?"

"Mpaka kijiji cha pili."

Alhamisi ndoa ikafungwa kwenye jukwaa la mawe ambalo hekalu zima limekalia, lenye pembe nyingi kama nyota. Kila ukoo ulijipatia pembe yake, na hapo wakapiga soga migongo ikiegemea tembo wa mawe. Bi harusi na bwana harusi wakauzunguka moto mtakatifu wa ndoa kwenye jua la asubuhi, yasmini zikinukia. Javaregowda alikula sahani nne, na safari hii hakumsingizia mtu.

Watu walipoanza kutawanyika, Vasudha akaketi karibu na Sannamma. Bibi alikuwa amevua ndala na kunyoosha miguu. Daftari lilikuwa mfukoni, na Vasudha hakulitoa. Alikuwa na swali moja tu.

"Bibi, ungenyamaza siku tatu, Chandrika angeolewa ndani. Mbona uliniita?"

Sannamma akajikuna kisigino.

"Wapiga ngoma wa harusi hukaa chini ya nguzo ile, mwanangu. Na yule mnene wao huiegemea."