Si Sanduku la Maranda

Uvumilivu wangu uliniishia katika karakana ya shule moja ya Manga, hedimasta aliposoma kwa sauti mstari wa kumi na nne wa orodha ya mali: "Msumeno wa kukanyaga, mmoja. Sanduku la maranda, moja."

"Hicho ni kitanda cha mtoto wangu," nikamwambia.

"Mama Bosibori, hapa limeandikwa la maranda."

"Nani aliandika?"

"Mimi."

"Ulimuuliza nani?"

Akafunga daftari. "Rudi nyumbani ukanyonyeshe. Tutaongea mwalimu akija mwenyewe."

Mwalimu huyo ni mume wangu. Msumeno ule hajaukanyaga hata siku moja.

Momanyi, wa miezi mitatu, alikuwa mgongoni, na tangu tutoke nyumbani Kenyenya asubuhi alikuwa analia. Nililiinamisha sanduku nikamwaga maranda yote ya mbao sakafuni, mengine yakaingia katika viatu vya hedimasta. Nikapangusa ndani kwa leso yangu, nikamlaza mtoto humo, nikavuta stuli.

Nitasema kilichofuata. Kwanza mjue ule msumeno ni nini. Watu huandika habari za kazi yao wakiwa na mvi na saa ya zawadi mkononi. Mimi nina miaka ishirini na sita, na aliyenistaafisha ni mstari wa kumi na nne. Ninyi wadogo zangu mlio bado shuleni, someni hivyo hivyo.

Siku yangu ya kwanza na msumeno ule ilikuwa Nyanchwa, nikiwa mwanafunzi, miaka ya sitini ikielekea mwisho. Mkanda wa cherehani ulikatika darasani, na mwalimu wa ushonaji akanituma kwa Fundi Mkuu, mzee aliyesimamia karakana. Nilimkuta ameketi kwenye kitu nilichodhani ni cherehani pia, kwa sababu miguu yake ya chuma ilikuwa ile ile na gurudumu lile lile. Lakini juu, mahali pa sindano, palikuwa na msumeno mwembamba uliosimama wima, ukipanda na kushuka. Ule ubapa wenye meno yeye aliuita uzi. Alikuwa anakata ndege. Hakuusogeza msumeno, aliuzungusha ubao polepole kwa vidole, na ndege akawa anatoka mkia, kisha bawa, kisha mdomo.

Nilisahau mkanda.

"Unajua kukanyaga?" akaniuliza.

"Nakanyaga cherehani, tata." Tata kwetu ni baba.

"Keti basi."

Nilikata mstari mmoja ulionyooka. Akauinamia, kisha akawaita wavulana waliokuwa wakipiga randa. "Njooni muone. Ninyi mnakanyaga kama mnaua nyoka, mnanivunjia nyuzi tatu kwa siku. Huyu anakanyaga kama mtu anayesubiri uji uive."

Wavulana wakacheka. Mmoja akasema, "Fundi, huyo ataolewa, uzi ubaki na wewe."

"Akiolewa ataenda nao," Fundi akajibu.

Kuanzia hapo nilikwenda kila Jumatano baada ya masomo. Alinifundisha kufunga uzi meno yakitazama chini, kwa maana yakitazama juu ubao utaruka ukupige kidevu. Alinionyesha masanduku ya chai. Majani ya chai ya kwetu husafirishwa katika masanduku ya plaiwudi, na yakivunjika wenye maduka mjini huyaweka nyuma ya duka. Plaiwudi hiyo ni nyepesi, haipasuki ovyo, na ukiikata hunuka chai kama mtu amefungua birika. Na alinipa sheria ambayo hakuirudia mara mbili kwa mtu yeyote: anza na ndani. Ukitaka kukata herufi O, toboa tundu katikati kwa keekee, pitisha uzi, kata tumbo la herufi kwanza. Umbo la nje liwe la mwisho. Ukianza na nje, kinachobaki hakina pa kushikwa, kitakuvunjikia mkononi.

Alipostaafu aliniita. Akapiga ule msumeno kofi kama mtu anayeuza ng'ombe. "Huu si wa shule, sasa ni wako. Niliuunda mwenyewe kwa cherehani iliyokufa na springi ya kitanda. Mwalimu wako wa ushonaji aliniuliza mtoto wa kike ataufanyia nini. Nikamwambia atajua mwenyewe." Hakuniandikia karatasi. Nani huandikiana karatasi na baba yake? Alifariki mwaka jana, kabla mahindi hayajavunwa, na hawezi kuja kunisemea.

Kituo cha pili kilikuwa Manga. Niliolewa na mwalimu, tukapewa nyumba ya vyumba viwili, na msumeno haukupata nafasi. Hedimasta huyu huyu akaniruhusu niuweke katika veranda ya karakana. "Weka tu, mama," alisema. "Mchezo wako hautusumbui." Sikuona neno hilo kuwa baya. Ulikuwa mchezo kweli. Nilikuwa nikitoka kuchuma chai mikono imekauka, nakaa pale saa moja kabla ya kupika, nakata. Nilikata ng'ombe, jogoo, mkungu wa ndizi unaogawanyika vipande kumi na mbili ili mtoto aukusanye. Nililikatia darasa la kwanza herufi zote, kubwa na ndogo. Watoto walizinusa kabla ya kuzisoma.

Kisha akazaliwa Bosibori, na huyo alikuwa mtoto asiyekubali kulala. Mgongoni analia, kitandani analia. Wanawake wa kanisani walisema ni tumbo. Mama mkwe alisema ni mama yake, hatulii. Siku moja nilimweka miguuni pangu ndani ya nusu ya sanduku la chai, nikakanyaga nikiwa nimekata tamaa, na akanyamaza. Alikuwa anausikiliza msumeno. Nikafikiri, kama sauti peke yake imefanya hivi, je, akibembelezwa?

Nilichukua mbao mbili nikazikata duara upande mmoja, nikazigongomea chini ya sanduku ili liyumbe. Nikachonga fimbo ya mvule, ncha moja nikaifunga kwenye pedali, ya pili kwenye sanduku. Nikikanyaga, uzi unapanda na kushuka juu, na chini mtoto anabembea. Mguu mmoja, kazi mbili. Nilishona kifuniko cha kitambaa ili vumbi lisimfikie. Ilinichukua wiki tatu kupata mwendo unaokata bila kuvunja uzi na unaobembeleza bila kumwamsha. Hakuna mtu aliyenifundisha hilo, hata Fundi. Hilo ni langu.

Herufi ndogo zote nilizikata Bosibori akiwa amelala pale. Alipoanza kuota meno alikuwa akiamka anaguguna ukingo wa sanduku, ananitazama, ananguruma pamoja na msumeno.

Mume wangu alipohamishiwa Kenyenya lori lilijaa. "Acha tu," hedimasta akasema, "tutakutunzia." Nikaacha. Kosa ni hilo, na ni langu. Nilipojifungua Momanyi na kumkuta hataki kulala kama dada yake, nilirudi kuuchukua. Ndipo nikasomewa mstari wa kumi na nne.

Basi nilikuwa nimeketi kwenye stuli, maranda yako sakafuni. Nikakanyaga. Pedali iliukumbuka mguu wangu. Momanyi alilia mara mbili, akashusha pumzi, akafungua ngumi. Hedimasta alikuwa amefungua kinywa kunigombeza. Akamtazama mtoto.

"Inspekta wa shule alikuja akausifu msumeno huu," akasema baadaye, na sasa alikuwa ananong'ona. "Nikiutoa nitaulizwa. Mali iliyoorodheshwa haitoki bila barua."

"Barua ya nani?"

"Ya Ofisi ya Elimu. Andika malalamiko, mama." Akaokota maranda mawili matatu kwenye kiatu chake, taratibu, asimwamshe mtoto.

Niliandika barua usiku huo huo, kesho yake nikaipeleka mwenyewe, ikagongwa muhuri mbele yangu. Nakala yake ni hii.

*Kwa Afisa wa Elimu.*

*Mintarafu: Msumeno wa kukanyaga na kitanda cha mtoto.*

*Bwana, fundi aliyenifundisha alisema kazi huanza na ndani, nami naanza na ndani. Ndani ya sanduku lililoandikwa la maranda, kwenye ukingo wa upande wa kichwa, kuna alama mbili ndogo zilizokaribiana. Ni meno ya kwanza ya binti yangu Bosibori. Chini yake kuna fimbo inayoliunganisha sanduku na pedali ili liyumbe. Hedimasta aulizwe ni maranda gani yanayohitaji kubembelezwa.*

*Msumeno wangu ulipoitwa mchezo sikubisha. Sasa unaitwa mali ya shule, nabisha. Herufi za darasa la kwanza sizidai, watoto wabaki nazo. Nadai msumeno na kitanda, vyote viwili, kwa sababu kimoja hakifanyi kazi bila kingine.*

*Taja siku, nitakuja Manga na mtoto Momanyi. Waite walimu wote. Yeyote aketi akate herufi M, uzi usivunjike, na mtoto awe amelala kabla herufi haijadondoka. Atakayeweza, auchukue msumeno, nami nitamfungia uzi mpya kwa mkono wangu.*

*Naomba uamuzi upesi. Mtoto anakua, na kitanda ni kidogo.*

*Ni mimi, Kemunto, mama yao.*