Kikombe cha Mvua ya Kwanza

Apolinaria alikuwa na ubishi mmoja: maji ya mvua ya kwanza hayamwagwi. Alizaliwa katika makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu, wazazi wake wakiwa wametoka Burundi mikono mitupu, na utoto wake aliumaliza akifuata maji ndoo kichwani. Alipoolewa huku upande wa Nzega alikuja na desturi ya mama yake: mvua inayofungua msimu hukingwa, na mwenye mimba nyumbani hunywa kwanza. Majirani, waliosubiri bati lioshwe na mvua mbili tatu, walimcheka. Aliwajibu kwamba wana maringo ya watu wa bombani.

Mwaka jana mtu mmoja alijenga tanuri la kuchoma mawe ya dhahabu ng'ambo ya mbuga. Moshi wake ulikereketa koo, na bati la Apolinaria likashika vumbi la kijivu. Alinung'unika wee, mwisho akazoea.

Mvua ilinyesha Jumatatu. Alikinga pipa zima, akamchotea kikombe Stela, mke wa mwanawe, aliyekuwa na mimba ya miezi minane. Stela alionja akasema maji yana uchachu. Apolinaria akamwambia aache kudeka, amalize. Akamaliza, kwa heshima tu, na cha pili akaongezewa.

Kufika Jumatano, majani ya maboga yalikuwa na mabaka ya kahawia, na maharage yameungua kingo kana kwamba yamemwagiwa maji ya betri. Hofu ikamwingia bibi wa watu. Akamwita Damas, bwana shamba.

Damas alichovya karatasi yake ya kupimia pipani, ikawa nyekundu. Akaeleza taratibu kwamba moshi wa mawe yale una salfa, hupanda mawinguni na kushuka na mvua ukiwa tindikali. Mboga zingepandwa upya. Alichohofia yeye ni lile vumbi la batini, maana huenda lina madini ya risasi, na tindikali huyayeyusha yakaingia majini. Kwa mtoto aliye tumboni hiyo ni sumu.

"Kuna aliyeyanywa?" akauliza.

"Hapana," Stela alijibu haraka, macho chini. "Ni kuku tu."

Apolinaria alijua anasitiriwa. Angeweza kunyamaza, na tusidanganyane, alitamani sana kunyamaza.

"Amekunywa vikombe viwili," akasema. "Alikataa, nikamlazimisha."

Damas hakumlaumu. Alikwenda kuwasha pikipiki ili ampeleke Stela hospitalini akapimwe damu. Apolinaria alimfunga mkwewe kanga huku akimwomba msamaha. Stela akamshika mkono, akauweka juu ya tumbo.

"Mama," akanong'ona, "tangu jana jioni hajacheza."